Sura ya Sita: Tandawala wa Malungu

Dume wa tandawala mkubwa anapotaka kuonekana hatafuti mti. Anachagua uwanda wenye nyasi fupi, penye mwinuko kidogo ikiwezekana, anasimama wima, anaupindua mkia juu ya mgongo, kisha anajaza hewa kooni hadi shingo yote inavimba na manyoya yake meupe yanashuka mbele ya kifua. Mtu aliye mbali, hata zaidi ya kilomita moja, anaona doa jeupe likienda polepole juu ya majani, likisimama, likigeuka, likiendelea. Sauti haina kazi kubwa hapo. Weupe ndio unaoita majike, na weupe huohuo unawaambia madume wengine kwamba sehemu hiyo ina mwenyewe.

Kitaalamu anaitwa Neotis denhami. Dume huweza kufikia kilo tisa au kumi, mmoja wa ndege wazito zaidi wanaoruka katika bara hili. Jike hafiki nusu ya uzito huo. Madume hucheza asubuhi na mapema na tena jua likishuka, kila mmoja peke yake, mamia ya mita kutoka kwa mwenzake lakini wakionana. Jike hupita, huangalia, huchagua, kisha huenda zake kutaga yai moja au mawili juu ya udongo mtupu, bila kujenga kiota, na kulea peke yake. Baba wa vifaranga hana habari nao. Amerudi uwanjani kwake.

Sisi wa Likasi tumezoea kusimuliwa nchi yetu kuanzia chini ya ardhi: shaba, kobalti, urani ya Shinkolobwe. Juu ya ardhi nako kuna habari, na sehemu yake nzuri iko juu kabisa, kwenye nyanda. Ukishika njia ya kaskazini-magharibi unapanda Biano. Mashariki, ng'ambo ya bonde la Lufira, kuna Kundelungu. Kaskazini kuna Kibara, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Upemba. Unapanda katikati ya miombo, miti imekuzunguka pande zote, halafu karibu na mita 1,600 miti inakoma na mbele yako kuna majani na anga. Hizo ndizo dilungu, kwa wingi malungu, na wataalamu wa mimea wamelichukua jina hilo kama lilivyo kwa kuwa hawakuwa na lililo bora zaidi. Tandawala mkubwa ni ndege wa mahali pa namna hii. Anataka kuona mbali, na anataka aonekane.

Ng'ambo ya bahari, katika majimbo ya magharibi ya Marekani, yuko ndege ambaye kwa ukoo yuko mbali na tandawala lakini kwa maisha wanakaribiana sana. Ni wa upande wa kwale, mkubwa kuliko kuku, jina lake Centrocercus urophasianus. Nitamwita kwale wa pakanga, kwa sababu anaishi katika vichaka vya Artemisia, ndugu wa pakanga tunayoijua kwa uchungu wake. Kila mwaka baridi inapoachia, madume hukusanyika alfajiri kwenye viwanja vilevile vya mwaka jana na mwaka juzi, huvimbisha mifuko miwili ya hewa kifuani na kucheza, na majike huja kuchagua. Madume wachache hupata karibu majike wote. Theluji inapofunika nchi, ndege huyu hula majani ya kichaka hicho na karibu hakuna kitu kingine.

Kwa kuwa madume hurudi viwanja vilevile, Wamarekani wamewahesabu kwa miongo mingi: mtu anafika kabla ya mapambazuko, anakaa mbali, anahesabu madume, anaandika, anarudi mwaka unaofuata. Kazi hiyo isiyo na makuu imetoa picha ya kutisha. Tangu katikati ya miaka ya 1960 kwale wa pakanga wamepungua kwa takriban asilimia 80. Jimbo la Wyoming lilianza mwaka 2008 kutenga maeneo ya msingi ambamo visima vya mafuta na gesi vinabanwa kwa masharti makali, na Septemba 2015 serikali ya Marekani iliamua kutomweka ndege huyu kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, ikitegemea mipango ya namna hiyo. Uamuzi ule ulibishaniwa na unabishaniwa mpaka leo. Lakini pande zote mbili zinabishana zikiwa na hesabu mkononi. Sisi hatuna hesabu ya tandawala wa malungu hata ya kubishania, na hilo linaniuma kuliko lolote nitakaloandika katika sura hii.

Moto ndio unaowatenganisha ndege hawa wawili. Kichaka cha Artemisia tridentata kikiungua kinakufa. Hakichipui kutoka kwenye kisiki. Lazima mbegu ianze upya, na miongo inapita kabla kichaka hakijarudi. Pale katikati linaingia jani la kigeni, Bromus tectorum, lililotoka Ulaya na Asia, ambalo hukauka mapema na kuwaka upesi, na kila moto unalifungulia njia zaidi. Kwa hiyo meneja wa nchi ya pakanga anapigana na moto kwa nguvu zake zote, na ana haki.

Malungu yana mimea ya tabia nyingine kabisa. Ukitembea juu ya Biano au Kibara unaona majani na vimti vya kimo cha goti, na unadhani hakuna msitu. Msitu upo, umelala chini. Miti kama Parinari capensis imeuficha mwili wake ardhini: shina na matawi mazito yamejitandaza ndani ya mchanga, na juu yanatokea machipukizi mafupi tu. Frank White, mtaalamu wa mimea, aliandika mwaka 1976 juu ya misitu ya chini ya ardhi ya Afrika, na nyanda hizi za kwetu ni mojawapo ya sehemu zake za asili. Moto unachoma kilicho juu na hauufikii mti wenyewe. Wiki chache baadaye, mvua ikiwa bado haijanyesha hata tone, nchi nyeusi inachanua maua. Wadudu wanafuata maua, na tandawala anafuata wadudu. Panzi, mende, mijusi, machipukizi laini: ardhi iliyoungua ni meza yake.

Kwa hiyo asidhani mtu kwamba ukisema hifadhi umesema kuzima moto. Nani hasa angeuzima? Katanga ina kiangazi kirefu, kuanzia Mei hadi Oktoba hivi, na majani yaliyokua kwa mvua ya miezi sita lazima yaende mahali. Watu wanachoma kusafisha njia, kupata majani mabichi ya ng'ombe, kuwatoa ndezi na panya mafichoni. Swali lenye maana ni tarehe.

Jibu lililo bora limekaa karibu nasi, ng'ambo ya mpaka. Kuanzia mwaka 1933, karibu na Ndola huko Zambia, iliyokuwa Rhodesia ya Kaskazini, viwanja vya miombo viligawanywa. Vingine vilichomwa kila mwaka mapema katika kiangazi, vingine mwishoni mwa kiangazi, na vingine vikalindwa visiungue kabisa. C. G. Trapnell alichapisha matokeo mwaka 1959. Pale palipochomwa kwa kuchelewa, miti ilikufa kidogo kidogo na nyasi zikatawala. Pale palipochomwa mapema, miombo ilidumu. Na pale palipolindwa, vichaka vizito vilifunga hadi nyasi zikakosa nafasi. Nchi moja, udongo mmoja, mvua ileile. Tarehe ya kiberiti ikazaa nchi tatu.

Trapnell alikuwa akiangalia miti. Mimi naangalia ndege wanaotaga chini, na kwao tarehe ina uzito wa aina nyingine. Moto wa Mei au Juni hukuta majani yana unyevu bado. Unakwenda kwa kusitasita, unaruka bonde, unazimika jioni umande ukishuka, na nyuma yake unaacha mabaka: hapa peusi, hapa pa kijani, hapa majani makavu yaliyosimama. Moto wa Septemba na upepo wake hauachi kitu. Unatoka ukingo huu wa dilungu hadi ukingo ule, na jioni hakuna mahali pa kujificha pakubwa kuliko kiganja.

Ndege wa chini wanataka mabaka hayo, kila mmoja kwa haja yake. Yuko Cursorius temminckii, mdogo mwenye miguu mirefu, anayetaga juu ya ardhi iliyoungua na mayai yake yamechafuliwa weusi hata huwezi kuyatofautisha na majivu. Mpasuasanda wa bendera, Caprimulgus vexillarius, ambaye dume wake huota manyoya mawili marefu meupe kwenye mbawa na kuyapeperusha jioni za Septemba na Oktoba, naye hutaga chini ya miombo bila kiota, na wakizaliana wakamaliza wanahama kwenda kaskazini ya ikweta. Kwale wanataka majani marefu ya kujifichia na mahali peupe pa kuparua karibu yake. Kanga anataga mvua zikiwa zimekolea, katika shimo dogo lililozibwa na majani. Makundi ya kiangazi yanakuwa yamevunjika na kila jike ana dume wake. Tandawala mkubwa anahitaji peusi pa kulia, pafupi pa kuchezea, na penye majani yaliyobaki ambapo jike atakalia mayai asionekane na kunguru wala mbweha. Moto wa kuchelewa ukipita juu ya yote hayo kwa siku mbili, unampa kimoja na kumnyang'anya viwili.

Nduguye mdogo, tandawala tumbo-jeusi wa kwenye dembo, yaani bonde la majani lenye unyevu, anavumilia zaidi. Dume wake hukaa juu ya kichuguu, hunyoosha shingo, huivuta chini, na katika mlio wake mna sauti kama ya kizibo kinachong'oka kwenye chupa. Akifukuzwa hapa anahamia dembo jingine, na madembo Katanga ni mengi. Malungu hayahami.

Uwindaji nao lazima usemwe bila kuchanganya mambo. Mtu anayetega kanga karibu na kijiji chake anachukua kutoka kwa ndege anayetaga mayai sita hadi kumi na mawili na zaidi, na ambaye kundi lake linaweza kurudi mvua moja ikiwa nzuri. Kanga na kwale walikuwa chakula cha nchi hii kabla ya mgodi wa kwanza, na sioni aibu yoyote kusema waendelee kuwa chakula, mradi msimu wa mayai uheshimiwe. Tandawala hahesabiwi nao. Jike wa yai moja au mawili, na pengine mwaka ukapita bila kifaranga hata mmoja kupona, hawezi kulipa deni la bunduki. Na kinachopigwa kwanza ni dume anayecheza, kwa sababu amejiweka wazi kwa makusudi. Huko Afrika Magharibi uwindaji umemfuta katika sehemu nyingi alizokuwa wa kawaida, na orodha ya dunia sasa inamweka kati ya wanaokaribia hatari. Sheria ya uwindaji ya Kongo ni ya tarehe 28 Mei 1982, na ile ya uhifadhi wa asili ni ya 11 Februari 2014. Karatasi tunazo. Lakini sheria haiwezi kumwona ndege ambaye hakuna aliyemhesabu.

Makala, mkaa wa kupikia, yanaingia hapa pia, kwa mlango wa nyuma. Magunia yaliyopangwa kando ya barabara ya Likasi ni miombo iliyokatwa na kuchomwa kwenye matanuru, na mtu hawezi kuwalaumu wenye kuyauza wakati familia nyingi za mjini hazina moto mwingine wa kupikia. Malungu hayana miti ya kutoa makala, kwa hiyo shoka haliyagusi. Lakini miteremko ikishabaki wazi, majani yanakua marefu pale palipokuwa na kivuli, na moto wa Septemba unapata ngazi ya kupandia juu.

Hifadhi ya Upemba ilianzishwa tarehe 15 Mei 1939, ikiwa na kilomita za mraba 17,730, mojawapo ya kubwa kuliko zote Afrika wakati huo. Mwaka 1975 ilipunguzwa hadi 11,730. Kati ya 1946 na 1949 Gaston-François de Witte aliongoza msafara wa kuchunguza viumbe vyake, na mwaka 1953 René Verheyen akatoa kitabu kizima juu ya ndege waliokusanywa. Hiyo ni elimu kubwa, nami nawashukuru, ila wale ndege wengi wako ndani ya madroo huko Ubelgiji, na orodha ya ngozi haikuambii ni madume wangapi walicheza Kibara asubuhi fulani. Tangu hapo vimepita vita, njaa na makundi yenye silaha. Kituo cha hifadhi cha Lusinga kimeshambuliwa, na walinzi wamekufa kazini. Rodrigue Mugaruka Katembo, aliyepata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2017 kwa alivyosimama dhidi ya utafutaji wa mafuta katika Hifadhi ya Virunga, alikuwa wakati huo mkuu wa Upemba, na mwaka huohuo Taasisi ya Kongo ya Uhifadhi wa Asili, ICCN, iliingia ubia na shirika la Forgotten Parks ili kuinua hifadhi upya. Wanawalinda pundamilia wa mwisho wa nchi nzima, na hao wanakula majani yaleyale ya nyanda zilezile. Mlinzi anayewafuata pundamilia Kibara anapita katikati ya viwanja vya tandawala. Angehitaji daftari na darubini tu.

Kuhusu moto, kanuni inaweza kutoka vijijini, na mfano wake upo. Katika eneo la Kopa, wilaya ya Mpika, kaskazini mwa Zambia, watafiti walieleza mwaka 2002 jinsi machifu na wazee walivyosimamia mavuno ya viwavi wanaoliwa: siku ya kuanza kuokota, siku ya kuacha, na kulinda miti yao dhidi ya moto wa kuchelewa, kwa sababu moto huo unaharibu majani na mayai ya viwavi. Watu wa Katanga wanakula viwavi walewale na kuwapenda vilevile. Chifu anayetangaza kwamba pori lote lichomwe kabla ya Julai kwa ajili ya viwavi amewasaidia kwale na tandawala bila kuwataja, na tangazo lake litasikilizwa kuliko kibao chochote cha hifadhi.

Nimeliacha mwisho jambo ambalo chifu hana uwezo nalo. Mwaka 1982 ulikamilika mstari wa umeme wa Inga hadi Kolwezi, zaidi ya kilomita 1,700, uliojengwa kuileta nguvu ya mto Kongo kwenye migodi, na kutoka Kolwezi nyaya nyingine zinakuja Likasi, zinafika Lubumbashi, zinavuka hadi Zambia. Tandawala ni mzito, anaruka haraka, hawezi kukata kona ghafla. Na kuna kibaya zaidi. Mwaka 2010 Graham Martin na Jessica Shaw walichapisha uchunguzi wa macho ya tandawala kori, yule mkubwa wa nyika kavu. Macho yake yamekaa pembeni, na akiinamisha kichwa kwa nyuzi 25 tu, kama ndege anayetazama chini kutafuta wenzake au mahali pa kutua, mbele yake panakuwa kiza. Anaruka kuelekea waya akiwa haoni anakokwenda.

Mtu atasema, basi tuning'inize alama kwenye nyaya. Afrika Kusini walijaribu hivyo kwa miaka mingi katika nchi kavu ya Karoo, na matokeo yalitoka mwaka 2021. Alama zilipunguza vifo vya korongo wa buluu kwa zaidi ya asilimia 90. Kwa tandawala hazikusaidia. Ndege asiyetazama mbele hawezi kuonywa na kitu kilichotundikwa mbele. Njia inayobaki ni kupitisha nyaya kwingine tangu mwanzo.

Migodi inaongezeka, inadai umeme zaidi, na nyaya zaidi zitachorwa juu ya ramani ambamo malungu yanaonekana kama mahali patupu pasipo watu wala miti. Kwa mchora ramani ndiyo njia rahisi. Kwa hiyo hesabu ninayoiomba si ya mapambo. Wachungaji wa Biano, ambako ng'ombe wamefugwa tangu ukoloni, wanajua asubuhi gani doa jeupe linaonekana na wapi. Walinzi wa Kibara na Kundelungu wanajua. Vijana wa vyuo vya Likasi na Lubumbashi wana miguu na simu zenye vipimo vya mahali. Dume anayeonekana kutoka kilomita moja ni rahisi kumhesabu kuliko kanga kichakani. Watu wawili kwa kila dilungu, wakae kwenye mwinuko uleule, majuma yaleyale kila mwaka, saa mbili za kwanza za mwanga, waandike kila dume anayecheza na mahali aliposimama, na pia tarehe ambayo sehemu hiyo iliungua. Nakala moja iende ICCN. Nyingine iende kwa wanaopanga njia za umeme, iwafikie kabla hawajapeleka wapimaji juu.